Goti Lililovunjika Halichuliwi



Kuna mvunjiko mmoja ambao wengi hudhani ni goti kuteguka tu, na kwa dhana hiyo mtu huweza kupoteza mguu wake. Nao ni mvunjiko wa muundi pale juu, unapokutana na goti. Yatupasa tuujue, kwani siku hizi ni nadra kupata ukoo usio na kijana anayepanda pikipiki, awe hapa pwani au awe amekwenda bara kutafuta riziki.

Mimi niliushuhudia Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilipelekwa huko kwa ajili ya mgodi wa risasi; leo katika mitaa ya mji huo bodaboda ndiyo miguu ya watu. Mpwa wangu, mzaliwa wa Tanga, alikuwa na duka la nguo huko, nami nilikwenda kumzuru. Jioni moja pikipiki aliyopanda iliteleza mchangani, ikamwangukia ubavuni mwa goti. Alipoletwa nyumbani goti limevimba mno, wala hawezi kukanyaga. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akaja na mafuta ya moto na vibanzi vya mianzi, auchue mguu kisha aukaze kwa kamba. Bibi mwenye nyumba akamzuia, akasema: "Baba, usiuguse. Mtoto apelekwe hospitali." Nasi tukampeleka usiku ule ule.

Sasa sikiliza kwa nini bibi yule alisema kweli. Kichwa cha muundi ni mfano wa sahani mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu, zimetandikwa gegedu laini, na mfupa wa paja hukaa juu yake. Pigo likitoka upande wa nje, mfupa wa paja huikandamiza sahani ya nje ikapasuka au ikadidimia. Madaktari wa Marekani waliandika juu ya mvunjiko huu tangu mwaka 1929, walipoona watu waliogongwa na bampa za magari. Mwaka 1979 daktari Joseph Schatzker wa Toronto, Kanada, aliugawa katika aina 6, na mgawanyo huo bado hutumika.

Hatari iko mara mbili. Ya kwanza ni damu. Nyuma ya goti hupita mshipa mkubwa unaolisha mguu wote, na misuli ya chini ya goti imo ndani ya mifuko isiyotanuka. Uvimbe ukijaa mle, damu haipiti, na baada ya saa 6 hivi misuli huanza kufa. Kuchua huzidisha uvimbe, na kamba iliyokazwa huzidisha kubana. Basi ukiona maumivu yanazidi badala ya kupungua, mgonjwa analia akinyooshwa vidole, wayo una ganzi au umekuwa baridi, na misuli imekuwa migumu kama ubao, usingoje asubuhi. Mguu uegemeze kwenye ubao uliofungwa nguo laini, kuanzia paja mpaka kifundo, bila kukaza; jeraha lifunike kwa kitambaa safi; kisha mpeleke.

Hatari ya pili huja polepole. Sahani ikiunga hali imedidimia, goti hupinda, na gegedu husagika hata mtu akapata maumivu ya viungo angali kijana. Kwa hiyo hapana budi picha ya eksirei. Mfupa usiosogea hauhitaji kisu. Uliosogea huinuliwa, pengo hujazwa mfupa uliochukuliwa nyongani, kisha hushikwa kwa bamba la chuma na skrubu. Pasipo na upasuaji huo, mguu huweza kuvutwa kwa uzani huku goti likizoezwa. Mpwa wangu alipewa rufaa, zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Huko alingojeshwa siku kadhaa kabla ya kupasuliwa. Jamaa walinung'unika, lakini ngozi iliyovimba ikikatwa huchelewa kupona na huoza upesi.

Aliporudi nyumbani, kazi ikawa yetu, nayo ina amri mbili zinazoonekana kupingana: asikanyage, lakini akunje goti. Kukanyaga kabla ya wakati huidondosha sahani. Mara nyingi daktari hukataza kwa wiki 6 mpaka 12. Kutolikunja goti nako huligandisha, na goti lililoganda halirudi kwa urahisi. Dada yangu alitaka kumwonea huruma mwanawe kila alipougua kwa mazoezi, lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Na sala isiwe sababu ya kulilazimisha goti: asiyeweza kusimama wala kusujudu husali kwa kukaa.

Ndugu yangu, viungo hivi ni amana. Nia njema bila ujuzi haitoshi kuihifadhi, na kumwambia jirani "ahsante, lakini usiuguse" si utovu wa adabu. Wafundishe walio nyumbani mwako maneno hayo leo, kabla hawajayahitaji.