Mpiga Besi Alipigia Mkono Gani?

Tanzania Bara hatukuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Vijana nikiwaambia hivyo hudhani natania. Zanzibar, hapo tu ng'ambo ya maji, walikuwa nayo tangu miaka ya 70, tena ya rangi, sisi tukabaki na redio, magazeti na sinema. Ndipo vikaja vituo vya watu binafsi, ITV, CTN na DTV, na televisheni ya taifa, TVT, ikafuata mwishoni mwa muongo huo.

Kwa mpenzi wa muziki wa dansi, mwaka huo unauma. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki 1965. Mbaraka Mwinshehe alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alituacha Machi 1995, televisheni ikiwa ndiyo kwanza inatambaa. Sauti zao tunazo, kwa sababu ya santuri na kwa sababu Redio Tanzania Dar es Salaam iliwaita wanamuziki studio kwake, Barabara ya Pugu, ikawarekodi na kuzitunza kanda. Lakini Mbaraka alisimamaje jukwaani? Marijani alipoimba alifumba macho au alimtazama nani? Hapo wengi wetu tunategemea picha chache za mnato na simulizi za waliokuwepo.

Ila kamera zilipofika, waliobaki walikuwa wengi na bado wana nguvu. Msondo walikuwepo, Sikinde walikuwepo, Vijana Jazz walikuwepo, Remmy Ongala na Super Matimila walikuwepo. Ungedhani basi, angalau hawa wamehifadhiwa. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera mojawapo, mwisho wa miaka ya 90, nimebeba waya. Na karibu yote tuliyoyarekodi hayapo.

Kituo sikitaji, na kipindi pia sikitaji. Kilikuwa kipindi cha muziki cha mwisho wa wiki, nusu saa, na sisi tulikuwa watu wanne: dada mtayarishaji, mpiga picha, fundi sauti, na mimi. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha waya wa kamera haukanyagwi, haukatiki na haumwangushi mtu. Kwa hiyo kila ukumbi niliufahamu kuanzia sakafuni. Vijana Social Hall pale Kinondoni naifahamu kwa sakafu yake, na TCC Chang'ombe kule Temeke naifahamu kwa miguu ya watu.

Tulifika mapema, jua bado kali, tukakuta mafundi wa bendi wanafunga spika. Mazungumzo ya kwanza yalikuwa yale yale kila mara. Kiongozi wa bendi anauliza, "Sasa dada, mnatulipa nini?" Dada anajibu, "Kaka, mtaonekana." Wanacheka, wanavutana, wanakubaliana. Lakini walikuwa na ujanja wao. Walijua wimbo ukionyeshwa wote kwenye runinga, kuna mtu wa Tandika atakaa kwake na soda yake badala ya kulipa kiingilio. Basi wanatupa nyimbo tatu za zamani, na mpya wanaificha. Wimbo mpya unapigwa saa sita usiku, sisi tumeshakunja waya.

Umeme ulikuwa na lake. Ukikatika, jenereta linaungurumishwa nyuma ya ukumbi, na fundi sauti anahangaika kuihamisha maiki yake mbali na ule muungurumo. Msimu wa mvua taa zetu zilivuta kumbikumbi, wanaingia mpaka kwenye kinywa cha mwimbaji katikati ya beti. Na kulikuwa na wacheza dansi ambao wakiona taa nyekundu ya kamera wanageuka ghafla kama askari kwenye gwaride. Baba mmoja alinishika bega akaninong'oneza, "Mdogo wangu, mwambie mwenzako kamera isije huku. Huyu niliye naye, unaelewa." Nilielewa. Kona ile ya ukumbi haikupigwa picha usiku ule.

Sasa nieleze kanda, maana ndiko mambo yote yalikoishia. Tulitumia Betacam, na kanda ile ndogo inayoingia kwenye kamera ilichukua dakika 30. Anayejua dansi la Dar anajua maana yake. Wimbo ukumbini haukai dakika nne kama kwenye redio. Unaanza taratibu, mashairi yanasemwa, waitikiaji wanaitikia, kisha unafika kwenye chemko, magitaa yanapishana, watu wanapanda kutunza, noti zinabandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji, na hapo hakuna wa kusema basi. Robo saa imekwisha kwa wimbo mmoja. Nyimbo tatu haziwezi kuenea kwenye kanda moja, na mara nyingi tulipewa moja tu. Mpiga picha wetu alikuwa na hesabu kali: anarekodi mashairi, anazima, anasubiri chemko, anawasha. Mara ngapi nimeona kanda inafika mwisho mpiga solo akiwa ndiyo kwanza amekolea! Mpiga picha anashusha kamera begani, anafuta jasho, na sote tunabaki tunasikiliza tu kama watu waliolipa kiingilio.

Kanda ziliagizwa nje kwa dola. Ndani ya ile gari yetu, kitu cha thamani kuliko vyote baada ya kamera yenyewe kilikuwa kanda, siyo sisi. Jumatatu kipindi kinahaririwa, Jumamosi kinarushwa, Jumapili ile ile kanda inarudi kazini. Hakuna aliyewahi kukaa kikao akasema tufute muziki wa taifa. Kilichotokea ni kwamba kipindi cha wiki hii kilirekodiwa juu ya kipindi cha wiki iliyopita, nacho kikaliwa na cha wiki iliyofuata. Unajua kilichokuwa na rafu yake, kimeandikwa vizuri kwa kalamu ya wino, hakiguswi? Matangazo ya biashara. Tangazo lina mwenyewe, mwenyewe amelipa. Sabuni ilihifadhiwa, mpiga tumba akafutwa.

Zile kanda chache zilizobahatika kusahaulika pembeni nazo zilikutana na hewa ya Dar. Joto na unyevu vinaotesha kuvu kwenye utepe, utepe unanata, ukiulazimisha unakatika.

Msidhani ni umaskini wetu peke yake. BBC walifuta sehemu kubwa ya vipindi vya Top of the Pops vya miaka ya mwanzo, kuanzia 1964, kwa sababu zinazofanana na zetu: kanda ghali, nafasi ndogo, na imani kwamba kipindi kikisharushwa kazi yake imekwisha. Na si kwamba wote walipoteza. Ukiingia YouTube leo utawakuta Franco na TPOK Jazz kwenye studio ya televisheni ya Zaire, suti zao, viti vyao, kila mtu na nafasi yake. Mimi nikitazama zile picha huwa natazama kwa wivu. Mtoto wa mpiga tarumbeta wa Kinshasa anaweza kumwona baba yake akipuliza.

Mtoto wa mpiga besi wa Temeke hawezi. Nasema hivyo kwa sababu yuko mmoja ninayemjua.

Alinitafuta mwaka jana, ameelekezwa na mzee mmoja wa Kinondoni aliyekuwa mwimbaji. "Shikamoo, anko. Nimeambiwa ulikuwa unarekodi bendi zamani." Baba yake alipiga besi kwenye bendi moja ya Temeke, akafariki yeye akiwa na miaka mitatu. Nyimbo alizopiga anazo zote kwenye simu. Ananiwekea, ananyamaza, besi inapita chini ya sauti za watu, anasema, "Huyo hapo." Picha anayo moja, wanamuziki tisa wamesimama mbele ya basi, mikono mitupu.

Swali lake lilikuwa dogo. Yeye ni mashoto. Mama yake alimwambia amerithi kwa baba, kwamba baba alilishika gitaa kinyume na wenzake. Bibi mzaa baba anakataa kabisa, anasema mwanangu alikula kwa mkono wa kulia, akaandika kwa mkono wa kulia, na gitaa atalipigaje kwa kushoto? Mama ameshatangulia mbele ya haki, bibi anazeeka, na binti anataka tu kujua nani alikuwa sahihi. "Wewe ulimwona, anko. Alipigia mkono gani?"

Nilimwona, tena karibu kabisa. Tuliirekodi bendi ile si chini ya mara tatu, na mimi nilikuwa nimechuchumaa mita mbili kutoka aliposimama, nimeshika waya. Nakumbuka viatu vyake. Vilikuwa vyeupe, vya ngozi, vimepauka kwenye ncha, na kisigino cha mguu wa kulia kiligonga mbao za jukwaa kwa kila pigo la pili. Nakumbuka aliikunja suruali kidogo ili vionekane. Mkono siukumbuki. Sikuwa na sababu ya kuutazama, maana kamera ilikuwa juu ya kichwa changu na kazi ya kutazama ilikuwa yake.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiria jambo hili. Kabla ya televisheni, watu walioingia ukumbini walijua kwamba wasipotazama, basi. Wazee wa zamani wanaweza kukueleza mwimbaji fulani alivaa nini Sabasaba ya mwaka fulani, alishika maiki vipi, nani alimtunza na kwa shilingi ngapi. Sisi wa kamera tulitazama kidogo zaidi, kwa kuwa tuliamini kuna chombo kinatazama kwa niaba yetu. Kisha chombo kikafutwa, na sisi hatuna simulizi. Tuko pabaya kuliko wale ambao hawakupigwa picha kabisa.

Kilichobaki kiko majumbani. Watu waliokuwa na deki walirekodi vipindi kutoka kwenye runinga, wengine kwa mapenzi, wengine kwa ajili ya banda la video la mtaani. Basi tukaanza kuuliza, mimi na binti. Tumepita Keko, Tandika, Mtoni kwa Aziz Ally. Nyumba nyingi wanatuambia kanda zilitupwa deki ilipokufa. Mbagala, familia moja ilitupa mfuko wa kanda za harusi, wakasema chukueni, sisi hatuna hata cha kuzichezeshea.

Fundi mmoja Kariakoo bado ana deki nzima. Tuliziweka moja baada ya moja: maharusi, keki, mashangazi wakicheza. Kanda ya nne, harusi ikaisha, zikaja chenga, kisha bila taarifa yoyote likatokea jina la kipindi chetu. Dakika saba na sekunde kadhaa. Binti alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

Haikuwa bendi ya baba yake. Ilikuwa bendi nyingine, ukumbi mwingine. Lakini mpiga tumba alikaa mbele kabisa, shati limelowa, anaangua kicheko kila anapobadilisha pigo, na huyo naye amekwisha kufariki. Chini kulia mwa picha waya mweusi unavutwa polepole kuupisha mguu wa mcheza dansi. Anayeuvuta ni mimi, ingawa haonekani.

Binti aliomba irudishwe mwanzo, akaitazama yote tena, safari hii akiangalia nyuma, walikokaa watu wa magitaa. Kisha akamwuliza fundi kama inawezekana kuinakili mara mbili, nakala moja wapelekewe watoto wa mpiga tumba. Wiki iliyofuata tulikwenda. Mwana wao mkubwa ana miaka arobaini na kitu. Aliitazama amesimama, hakukubali kukaa, na mkono wake ukawa unapiga pajani, pigo lile lile.

Kama kwenu kuna mfuko wa kanda juu ya kabati, usiutupe. Yenye kuvu usiitie kwenye deki, utaiharibu kanda na deki yenyewe. Mpelekee fundi aisafishe kwanza. Na harusi ikiisha usizime, ziache chenga zipite. Tunamtafuta mpiga besi mwenye viatu vyeupe.