Sehemu ya 6: Kile kitundu cha juu cha soketi

Mama zangu, chaja ya pini mbili ikigoma kuingia kwenye soketi, wengi dawa yake mnaijua: kalamu au kijiti kwenye kitundu cha juu, inaingia. Sasa sikieni. Kitundu kile ndicho kinachofungua vifuniko vya ndani vinavyoziba matundu mawili ya chini yenye umeme. Vifuniko hivyo ni ulinzi wa mtoto. Na mtoto anakuangalia! Kesho atachukua msumari ajaribu mwenyewe, na umeme wetu ni volti 230. Nunua adapta ya pini tatu.

Soketi ikipata joto, ikiwa nyeusi, ikinuka kuungua au ikicheza ukutani, usiibandike selotepu. Zima swichi kuu, ita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Mtoto akinaswa na umeme, usimshike kabla hujauzima. Kisha mlete hospitali, hata kama kidoleni kuna alama ndogo tu na ameshaanza kucheza. Alama ya nje haisemi umeme umefanya nini ndani. Unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mlete tumpime.