Aliyekwenda Rukanga Kutafuta Kimya

Watu wengi wakaao mijini wana ugonjwa mmoja usio na dawa dukani, nao ni hamu ya kukimbia. Mtu huketi ofisini mbele ya majalada, macho yakitazama karatasi, lakini roho iko mbali chini ya mti, mahali pasipo na mtu wa kumwita. Karani mmoja wa Serikali katika mji wa Mombasa alishikwa na ugonjwa huo, na habari zake zafaa kusimuliwa, kwa kuwa walio na hali kama yake ni wengi.

Karani huyo ni mtu wa Rukanga, kijiji kilicho chini ya mlima Kasigau, kusini-mashariki ya Voi. Alisomeshwa katika shule ya misheni, akafaulu mitihani yake, akaandikwa kazi, na tangu hapo yapata miaka kumi na miwili amepanga chumba Changamwe. Malori yaendayo bandarini Kilindini hupita usiku kucha, hata madirisha hutetemeka. Jirani wa kulia hufungulia redio mpaka saa sita. Jirani wa kushoto hugombana na mkewe mpaka alfajiri. Wote hao karani hajui majina yao, wala wao hawajui lake. Asubuhi hugombea matatu ili avuke Makupa kuingia kisiwani. Jioni hugombea tena ili arudi. Mshahara huja, lakini haukai.

Usiku mmoja alichukua kalamu akaandika barua ya kuacha kazi, kwa mwandiko ule mzuri aliofundishwa shuleni. Hakuitia tarehe. Aliikunja, akaitia katika bahasha na bahasha katika mfuko wa koti. Kisha akaomba likizo ya wiki moja. Nia yake ilikuwa kwenda kutazama mahali pa kujenga kibanda, juu kidogo mlimani, mbali hata na kijiji chenyewe. Atafuga kuku wachache, atasoma vitabu vyake, atasikiliza ndege, wala hataulizwa neno na mtu yeyote.

Alishuka basi Maungu, katika barabara kuu iendayo Nairobi, hapo wapumzikapo madereva wa malori. Toka hapo aliingia katika gari dogo lililosheheni watu, magunia na mitungi, likashika njia ya kuelekea kusini katikati ya migunga na mibuyu. Baada ya mwendo mlima ulitokea, umesimama peke yake katika nyika, kilele chake kikiwa zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mawingu yamekifunika. Mawingu hayo ndiyo yanayoulisha msitu wa juu, na msitu ndio unaovipa maji vijiji vilivyouzunguka mlima. Karani alipouona alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Siku mbili za kwanza zilikuwa kama alivyoota. Mama yake alimchinjia kuku. Akalala mpaka jua likawa juu, akakaa kivulini kumtazama mama akisuka kiondo cha mkonge, kazi wanayoijua sana wanawake wa Kasigau. Alipanda mlimani mpaka kwenye mawe makubwa, akachagua mahali pa kibanda chake. Lakini wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mama alimgongea mlango kabla ya mapambazuko.

“Mwanangu,” akasema, “mahindi yameanza kukomaa. Njoo tutengeneze uzio.”

Karani alifikiri ni uzio wa miiba. Alipofika shambani alikuta marundo ya vipande vya bati, vyembamba na virefu, na waya uliovingirishwa. Kazi ilikuwa kuvitundika vipande hivyo katika waya, karibu karibu, kuzunguka shamba lote. Upepo ukivuma, bati hugongana na kumetameta, na ndovu, ambaye hapendi mambo hayo, huenda akageuza njia. Si kinga kamili, lakini ni bora kuliko kukaa mikono mitupu.

Hapa yafaa kueleza. Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, na Kasigau iko baina ya sehemu yake ya mashariki na ile ya magharibi. Ndovu hawajui mipaka iliyochorwa na watu. Hupita huku na huko kama walivyopita wazee wao. Tena msitu wa nyika hii haukusimama wenyewe tu. Watu wamekubali kutoukata kwa makaa, na mwaka 2011 mradi wa kuulinda ulipata hati za hewa ya ukaa, wa kwanza wa aina yake duniani chini ya kanuni ya Verified Carbon Standard. Kwa njia hiyo fedha zimefika za karo za watoto na za miradi ya maji. Lakini msitu ukisimama, na ndovu husimama ndani yake, na shamba la mjane liko pembeni mwa msitu.

Basi karani aliyekimbia makelele ya mjini alishinda kutwa nzima akitundika makelele kwa mikono yake mwenyewe. Viganja vilitoka malengelenge. Jioni upepo ulipoanza kuvuma, bati ziliimba pande zote za shamba, naye akaona uchungu moyoni. Akasema, “Mama, hata huku hakuna kimya?”

Mama akacheka. “Kimya kipo, mwanangu. Mwaka juzi palikuwa kimya. Nilipoamka, shamba halikuwapo.”

Usiku ule, yapata saa nane, ndovu walikuja. Walikuwa watano au sita. Gizani haikuwezekana kuhesabu. Mmoja alisimama upande ambao uzio ulikuwa haujamalizika, akaingiza mkonga katika mahindi. Karani alisimama mlangoni amekauka kama gogo. Mama yake hakungoja. Alitwaa debe na kipande cha chuma, akapiga mara tatu, akanyamaza, akapiga tena mara tatu.

Mara kutoka nyumba ya jirani debe likajibu. Kisha jingine, na jingine, mpaka kijiji chote kikaamka. Watu walikuja mbio na tochi na vijinga vya moto, wazee, vijana, wanawake wenye watoto mgongoni, kila mmoja akipiga alichonacho na kupaza sauti. Karani naye alijikuta ameshika sufuria, akiipiga kwa nguvu zake zote. Ndovu walisita, wakapiga kelele moja iliyotikisa kifua, wakageuka, wakaingia gizani. Mistari mitatu ya mahindi ilikuwa imekwisha. Yaliyosalia yalipona.

Watu hawakwenda kulala mara moja. Mama aliinjika chai, wakaketi kuuzunguka moto. Kila mtu alimwita karani kwa jina lake, na jina la baba yake marehemu. Mzee mmoja alimtania kwamba sufuria yake ilipigwa vizuri, isipokuwa ilipigwa ndovu walipokwisha kuondoka. Wote wakacheka, naye akacheka. Alikuwa hajacheka hivyo kwa muda mrefu.

Walipokwenda zao, alimweleza mama habari za kibanda cha upweke kule juu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamkumbusha habari za mwaka 1915. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walivuka mpaka wakafika Kasigau, na Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba wamewasaidia adui. Wakawachukua watu wote, wake kwa waume na watoto, wakawapeleka Malindi. Wengi walikufa huko kwa homa na maradhi. Waliosalia hawakuruhusiwa kurudi mlimani kwao mpaka miaka ya 1930.

“Miaka ile yote,” mama akasema, “mlima huu ulikuwa na kimya unachokitaka wewe. Miti ilikuwapo, ndege walikuwapo, maji yalikuwapo. Watu hawakuwapo. Babu yako alizaliwa ugenini, na wazee wake walipomrudisha hapa hawakutafuta upweke. Walijenga mlango kwa mlango, ili mmoja akipiga debe mwingine asikie. Ukija kupumzika, mwanangu, njoo Krismasi. Ukija kukaa, karibu, lakini jenga hapa chini.”

Karani hakujibu. Usiku kucha alizisikiliza bati katika upepo, na haikuwa kama malori ya Changamwe, ingawa huenda zilipiga kelele sawasawa. Kelele za malori hazikuwa za mtu yeyote. Hizi zilikuwa za mama yake.

Jumamosi alimaliza upande uliobaki wa uzio. Jumapili alipanda gari kurudi Maungu. Ile barua ya kwanza aliitia motoni kabla ya kuondoka, maana aliyafikiri mabati, waya, na karo ya mdogo wake, akajua vyote hivyo vimetoka katika ule mshahara usiokaa. Lakini hakurudi Mombasa vile vile alivyoondoka. Wiki ile ile aliandika barua nyingine, akaitia tarehe, akiomba kuhamishwa Voi, ili kila Ijumaa jioni aweze kufika kwao. Majibu hayajatoka bado. Wakati huu anangoja, naye amekwisha kumwuliza jirani wa kulia jina lake.

Hamu ya kuukimbia mji si kosa, na mtu aliyechoka hana haja ya kuionea haya. Lakini kabla ya kufunga mzigo ni vyema ajiulize kama amechoshwa na kelele, au amechoshwa na kukaa mahali ambapo akipiga debe usiku hapana atakayejibu.