Tuliuliza Njia ya Nachingwea

Msomaji mpenzi, siku hizi yako makampuni ya utalii yanayokuchukua wewe na jamaa yako kwa bei moja iliyokwisha kupangwa: gari, malazi, chakula, na hata saa ya kumtazama simba. Unalipa, unapanda, unaonyeshwa, unarudishwa nyumbani. Si jambo baya. Mzee asiyeweza kuhangaika na matairi, au mtu mwenye likizo ya siku tatu tu, afadhali aende hivyo. Lakini iko safari nyingine, ya kuendesha motokaa yako mwenyewe mpaka mahali ambapo hakuna mtu aliyekupangia kitu. Sisi tulikwenda hivyo Ruangwa na Nachingwea, mkoa wa Lindi, mwezi wa Julai, mimi na mke wangu na watoto wetu wawili. Nataka kukueleza yaliyotupata, ili ukienda wewe usirudie kosa langu.

Tulitoka Dar es Salaam alfajiri, tukapita Kibiti, tukafika Mto Rufiji. Wazee wanakumbuka jinsi magari yalivyongoja kivuko pale Ndundu, na jinsi masika yalivyowatenga watu wa kusini na wenzao. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970 hivi, lilifunguliwa mwaka 2003, na sasa mto unauvuka kabla hujamaliza kuusifu. Hata hivyo usiidharau mvua. Mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, maji yaliikata barabara hiyo kuu huko Somanga na wasafiri wakakwama. Basi chagua miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba.

Ukifika Mingoyo, karibu na Lindi, unaiacha njia ya pwani na kushika ile ya Masasi. Unapita Mtama na Nyangao, na pale Nanganga unageuka kulia kwenda Ruangwa. Toka Ruangwa unakwenda Nachingwea, kisha unarudi kwa Masasi na Ndanda. Hivyo utakuwa umezunguka duara zima, bila kupita njia moja mara mbili mpaka urudipo Nanganga.

Sasa nieleze kosa langu. Tulipokwisha kuondoka Ruangwa, ramani ya simu ilinionyesha njia ya mkato. Mke wangu akasema tumwulize mtu kwanza. Nikasema hapana haja. Njia ikawa nyembamba, ikawa ya baiskeli, halafu ikaishia ndani ya shamba la ufuta. Nikarudi kinyumenyume kwa haraka, na kisiki kikapasua tairi. Tairi la akiba nilikuwa nalo, lakini sikulitazama kabla ya safari, nalo halikuwa na upepo hata kidogo. Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni, maji yamebaki chupa mbili, na watoto wameanza kuogopa. Mke wangu hakusema neno, na kimya chake kilinichoma kuliko kama angenigombeza.

Akaja mzee mmoja na jembe begani. “Shikamoo, babu,” nikasema.

“Marahaba, mwanangu. Mbona mmekuja huku? Huku hakuna njia.”

Nikamweleza kwamba simu ndiyo iliyonielekeza. Akaitazama, akacheka. “Na hiyo simu, imekwisha kufika hapa hata siku moja? Ungeuliza tu watu uliowapita pale njia panda.”

Akamtuma mjukuu wake akamwite kijana mwenye pikipiki, na tairi likapelekwa kijijini kujazwa upepo. Bibi akatuletea maji, mihogo ya kuchemsha na karanga. Watoto wakala, hofu ikawatoka, wakamwuliza babu kama karanga hizo amezilima mwenyewe. Hapo ndipo alipowaeleza habari za Wazungu wa karanga.

Msomaji, habari hizo ni za kweli, nazo zimo katika vitabu vya historia. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kupikia baada ya vita, ilituma watu watatu wakiongozwa na John Wakefield. Walizunguka kwa majuma tisa, safari nyingi kwa ndege, wakaandika mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, na sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa iwe huku kusini. Bandari ya Mtwara ikachimbwa, reli ikaletwa mpaka Nachingwea. Lakini visiki na mizizi vilivunja mashine, na mazao yalikuwa haba. Mwezi wa Januari 1951 mpango uliachwa, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea. Katika miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Waliitazama nchi kutoka juu, wala hawakukaa na mkulima wa kutosha kumwuliza. Nami nilikuwa nimefanya vilevile kwa simu yangu, nikiwa mtoto wa nchi hii hii.

Yule mzee ndiye aliyetuambia tusipite Nachingwea bila kuuliza habari za Farm 17, jina lililobaki tangu siku za karanga. Hapo wapigania uhuru wa FRELIMO, chini ya Samora Machel, walifanya mafunzo yao mpaka Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Kama si kupasukiwa na tairi, tungepita mji huo tukidhani una korosho na vumbi tu.

Tulipoagana nilitoa fedha, naye akazikataa. Kijana wa pikipiki na fundi tuliwalipa haki yao, lakini mzee alisema mgeni halipi maji. Sukari tuliyokuwa nayo bibi aliipokea kwa mikono miwili.

Basi, ukipenda kwenda, nenda. Ondoka mapema ili ulale mjini na si njiani. Chukua maji kuliko unavyodhani yatatosha, jaza petroli kila mji mkubwa, na weka sukari, chumvi na sabuni kwa ajili ya wenyeji watakaokusaidia. Simu ichukue, ila usiifanye mwenyeji wako. Ukifika njia panda simamisha motokaa, ushuke, uamkie, uulize. Waswahili husema kuuliza si ujinga. Na kabla ya yote, jioni ile kabla ya safari, litazame tairi lako la akiba.