Mashua Katika Nchi ya Ng'ombe

Je, mpenzi msomaji, umewahi kuona mashua ikipita Kitengela? Sisemi picha ya mashua iliyochorwa ubavuni mwa matatu, la hasha! Nasema mashua yenyewe, ya urefu wa mita 8, omo yake ikielekea Namanga na tezi yake ikiipungia Nairobi kwaheri. Mimi nimeiona, tena nilikuwa ndani ya pikapu iliyokuwa ikiivuta.

Tulianza safari Naivasha kabla ya jogoo kuwika. Mwenye mashua ni mvuvi wa makamo aliyeinunua kwa mkopo wa chama, akitaka kuipeleka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, ambako shemeji zake huvua samaki. "Mwandishi," aliniambia tukipanda mlima wa Mai Mahiu, "hili ndilo shamba langu. Likivunjika njiani nitarudi nyumbani na kuni, na deni liko pale pale."

Jua lilikuwa limechomoza tulipoacha barabara ya Mombasa pale Athi River na kushika ile ya Namanga. Mara tukaingia Kitengela, mji ulio karibu kilomita 30 kutoka Nairobi. Ukiujua mji huu, unajua matuta yake, bodaboda zake na magari yanayokatiza bila kutazama. Dereva wetu, mzee wa maneno machache, alipita kila tuta kama aliyebeba mayai. Watoto wa shule walitukimbilia wakipiga mbinja. Mama mmoja muuza matunda alishika kiuno akacheka, "Baba, mmechelewa! Mngeileta mwaka wa 2024!"

Utani wake ulikuwa na uchungu ndani. Mnamo Aprili na Mei 2024 mvua kubwa ilifurisha mito, maji yakaingia katika nyumba za watu Kitengela na Athi River. Na kabla ya hapo, kati ya 2020 na mapema 2023, Kajiado hii hii ilikuwa imekauka hata mizoga ya ng'ombe ikalala kando ya njia. Ama kweli, nchi iliyolilia tone la maji ilikuja kulilia mashua.

Tukiupa mji kisogo, uwanda ulifunguka. Zamani nyumbu na punda milia walitoka katika Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1946, wakatawanyika huku kufuata majani. Leo utaona nyua za waya, mabango ya ploti na nyumba za mawe zisizokwisha kujengwa. Mnyama hana hatimiliki, wala hajui kusoma bango.

Basi tulipopita Isinya, kwenye mteremko, trela kubwa lilitupita kwa kasi. Upepo wake uliisukuma mashua, nayo ikaanza kuyumba kushoto na kulia, kila mara zaidi ya mara iliyotangulia. Nyuma ya pikapu ilivutwa kama mkia unavyoweza kumtikisa mbwa. Mvuvi alipiga ukelele: "Funga breki, mzee!"

Mzee hakufunga. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani sawasawa bila kuuzungusha, akaiacha injini ipunguze mwendo yenyewe. Mashua ikatulia. Tuliposimama kando ya barabara, hakuna aliyesema neno. Mvuvi alikuwa ameshika kichwa.

Kosa lilikuwa letu. Usiku tuliipakia injini, nanga na nyavu zote tezini, kwa kuwa ndiko ilikokuwa rahisi kufikia. Uzito ukiwa nyuma ya magurudumu ya tela, pua ya tela huinuka na kuinyanyua pikapu, na chombo huanza kutapatapa. Wajuzi husema kwamba kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito wote yafaa ilalie kwenye kulabu. Na anayefunga breki kwa ghafla wakati wa kuyumba hulialika tela limpite. Tulihamisha nyavu na nanga hadi omoni, injini tukaipandisha kwenye pikapu, tukakaza mikanda upya. Kazi hiyo ilitumia muda wa saa nzima, nayo iliokoa shamba la mtu.

Mjini Kajiado, karibu kilomita 80 kutoka Nairobi, mzee aligusa kila gurudumu la tela kwa kiganja. Moja lilikuwa moto. Fundi wa jua kali akalifungua, akasafisha beringi na kuitia grisi mpya. Tukiwa tunangoja, mzee wa Kimaasai aliizunguka mashua mara mbili, akaigonga kwa fimbo. "Kijana," akamwuliza mvuvi, "na hii yako hunywa maji wapi?" Mvuvi akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Usidhani sisi ndio wa kwanza. Meli ya William Mackinnon ililetwa kwa vipande kutoka Uingereza, ikaunganishwa Kisumu na kushushwa ziwani mwaka wa 1900. Mwaka wa 1915 Waingereza walizitoa mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, Cape Town hadi Ziwa Tanganyika. Zilipanda reli, zikakokotwa porini kwa magari ya mvuke na mafahali, zikashuka mto Lualaba, na sikukuu ya Krismasi ilipopita tu zikaiteka meli ya Wajerumani, Kingani. Nayo Flipflopi, jahazi la Lamu lililoundwa kwa takataka za plastiki, ilisafirishwa nchi kavu hadi Kisumu mwaka wa 2021. Chombo hakichagui njia, mradi wanaokibeba wawe na subira.

Tulipita Bisil jua likielekea kuzama, tukafika Namanga gizani. Hapo niliagana nao. Wao walikuwa na Arusha na Moshi mbele. Mvuvi alinipa mkono uliokuwa bado na grisi ya Kajiado. "Mwambie msomaji wako," alisema, "atazame tezi kabla ya kutazama njia."

Nami nakufikishia ujumbe wake. Huenda wewe huna mashua. Una gari la kukodi la kuhamisha vyombo vya nyumba, au familia yote ndani ya gari dogo na mizigo juu ya paa sikukuu ikikaribia. Panga mzigo mchana. Gusa magurudumu. Na gari likiyumba, usiipige breki hofu yako. Wahenga walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini ili urejee ngamani, sharti kwanza chombo kifike.