Deni Katika Ukoo Wenye Dini Mbili

Safari hii nimeombwa niandike habari ya mikopo, kwani nyote mliona mwaka jana jinsi jamaa wawili wa ukoo wetu walivyofikia kutoamkiana hata arusini. Mmoja, Mkristo, alimkopesha mwenziwe Mwislamu euro elfu tatu, kisha akataka zirudi na nyongeza, kwa hoja kwamba Wakristo hawakukatazwa riba.

Mimi nilianza chuoni, Buyenzi, kabla sijajua neno la Kifaransa, na riba nilifundishwa kuiogopa kama moto. Lakini hoja ya bwana yule nilimjibu kwa Biblia yake. Katika Kutoka, sura ya 22, amkopeshaye maskini haruhusiwi kumtoza riba, na akichukua vazi lake rehani hana budi alirudishe kabla jua halijachwa, maana usiku mwenyewe atajifunika nini? Katika Luka, sura ya 6, Yesu anaagiza watu wakopeshe bila kutazamia faida. Na sala wanayowafundisha watoto wao, kama ilivyo katika Mathayo, huomba kusamehewa madeni. Akasema hayo ni madeni ya dhambi. Pengine, lakini neno lenyewe ni deni.

Kanisa liliharamisha riba karne nyingi. Ndipo Wafransisko wa Italia, huko Perugia mwaka 1462, walipofungua nyumba ya rehani kwa ajili ya maskini, na wanazuoni wao wakabishana: hiyo ziada ya kulipia makarani na ghala, si riba? Mwaka 1515 Papa Leo wa Kumi aliikubali, mradi iwe ya gharama tu. Hapa Brussels nyumba ya namna hiyo ilianzishwa na Wenceslas Cobergher mwaka 1618, na hadi leo inakopesha, rue Saint-Ghislain, mtaa wa Marolles. Nyinyi mnaokwenda kuchagua sahani kuukuu Jeu de Balle mnapita karibu nayo.

Nilimsindikiza huko shangazi yetu mmoja na bangili zake mbili. Zilipimwa, zikathaminiwa, akapewa fedha na karatasi. Mshahara wake hakuulizwa. Mtu akishindwa kukomboa, mali hunadiwa, na bei ikizidi deni, baki ni yake. Njiani nilianza kumweleza kuhusu ile ziada, kama mwanachuoni. Akanikatiza: “Mwalimu, hii nalipa ikaisha. Ya ndugu nalipa kila Jumapili kwa macho yao.” Bangili alizikomboa kabla ya Ramadhani.

Basi tukarudi kwa wale wawili. Mkopaji naye hakuwa malaika: alijificha nyuma ya neno haramu ili acheleweshe hata rasilimali, na hali gari jipya amenunua. Nikamwambia mwenye uwezo anayechelewesha deni anadhulumu, na kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ya kuandikiana deni mbele ya mashahidi. Hakuwa ameandika hata mstari.

Tuliandika, mashahidi wawili, mmoja wa kila dini: euro elfu tatu bila nyongeza, kwa miezi kumi. Mkopeshaji alitia sahihi akinung’unika kwamba bei za vitu zimepanda. Hapo, kwa kweli, sikuwa na jibu la haraka.

Fungu la saba limelipwa mwezi uliopita. Meza moja bado hawajakaa.