Kabla Hujampeleka Rafiki Yako Porini

Mpwa wangu Salim,

Mama yako amenieleza kwamba rafiki yako Hamisi anakuja Wisconsin kutoka Houston mwanzoni mwa Novemba, nawe umeshamwahidi dume mwenye pembe za kutundikwa ukutani. Ahadi hiyo iondoe mapema. Mwahidi kumwongoza vizuri. Kulungu mwenyewe huwezi kumwahidi mtu.

Wakati mliouchagua ni mzuri. Msimu wa kupandana unakaribia, na madume waliokuwa wakitembea usiku tu huanza kuwafuata majike mchana kweupe. Lakini vile vilima vya Buffalo County, kando ya Mississippi, vinataka mtu anayejua upepo. Jua likishapasha miteremko asubuhi, hewa hupanda. Jioni ikipoa, hushukia mabondeni. Kwa hiyo asubuhi dungu lenu liwe juu ya njia ya wanyama, na jioni liwe chini yake. Upepo ukigeuka ukawapelekea harufu yenu, shukeni muondoke, hata ikiwa ndiyo siku ya mwisho ya Hamisi. Atanung'unika. Mshushe hivyo hivyo.

Avae mkanda wa usalama, na aufunge mtini tangu yuko chini, si akishafika juu. Upinde muuvute kwa kamba baadaye. Watu wengi wameumia kwa kuanguka dunguni, na wengine hawakunyanyuka tena.

Sasa habari ya pembe, maana najua ndizo zinazowakosesha usingizi. Klabu ya Boone and Crockett humwingiza kulungu wa pembe za kawaida katika orodha yake ya kudumu akifikisha inchi 170, na kipimo rasmi hakichukuliwi mpaka pembe zikauke siku 60. Basi msikae huko juu mkinong'onezana inchi. Mfundishe Hamisi kutazama mwili: dume aliyekomaa shingo yake imejaa mpaka imeungana na kifua, tumbo limeshuka, na miguu huonekana mifupi. Huyo ana miaka minne, mitano, au zaidi, na ameshazalisha. Ukimwona ni kijana bado, mwambie. Ukishasema, nyamaza. Kibali ni chake, na akiridhika na dume mdogo, furahi naye kwa moyo mmoja.

Pasipo ruhusa ya kunyamaza ni kwenye shabaha. Pimeni mapema umbali wa miti iliyowazunguka, na mkubaliane mwisho wenu wa kupiga. Kwa mgeni wa upinde, mita 25 zinatosha. Mnyama awe ametoa ubavu, au amegeuka kidogo kuwapa mgongo. Akiwa amewaelekea, mkono wako uwe begani kwa Hamisi: hapana. Na kwa kuwa nyote ni Waislamu, bismillah aitamke anapofyatua, si akishamkuta amelala.

Mshale ukitoka, damu ya rafiki yako itachemka, atataka kushuka mbio. Mzuie. Wekeni alama pale mnyama alipoonekana mara ya mwisho, tulieni, kisha mkautazame mshale. Damu ya waridi yenye mapovu ni ya mapafu. Ngojeni nusu saa, hatakuwa mbali. Damu nyekundu iliyoiva sana ni ya ini, ngojeni muda wa saa nne au zaidi. Mshale ukitoka na uchafu wa kijani na harufu ya matumbo, rudini nyumbani mngoje, hata kama ni usiku mzima. Mkimfuata mapema atainuka alipojilaza, atakwenda mbali bila kuacha damu, na atakufa kwa mateso mahali msipopajua. Hili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Mnyama huyo ana haki juu yenu kuanzia dakika mliyomlenga.

Mkimpata, msajilini kabla ya saa 11 jioni ya siku inayofuata. Kichwa kipelekwe kupimwa ugonjwa wa kudhoofika kwa kulungu, uliogunduliwa katika jimbo hili mwaka 2002. Idara ya Maliasili haitozi kitu. Nyama ikae kwenye friza mpaka majibu yatoke, wala asije mtu akakuharakisha kwa ajili ya pilau. Ikiwa salama, Hamisi aondoke na minofu pamoja na pembe, na mama yako apate paja.

Nipigie mkishashuka dunguni, hata usiku.

Mjomba wako